Herufi Zinazotuchongea

Katika njia wanazopita watalii, tangu Arusha hadi Mombasa, kuna mwandiko mmoja ambao mtu akishaonyeshwa mara moja hawezi tena kuukwepa. Ni herufi kubwa tupu, nene, zenye pembe za mkato mkali, kana kwamba aliyeziandika hakuwa na kalamu bali alikuwa na shoka. Huonekana juu ya maduka ya vinyago, ubavuni mwa magari yapelekayo wageni mbugani, na katika majalada ya vitabu vya picha za wanyama. Wakati mwingine hupitishiwa mstari mweupe katikati. Wakati mwingine hujazwa milia ya punda au madoa ya chui, ili asiyeelewa aelewe. Vijana wetu wa mitambo ya kuchapa huziita "herufi za Kiafrika".

Kama zingebaki katika biashara ya utalii, huenda tusingeshika kalamu. Mwenye duka humwuzia mgeni kile ambacho mgeni amekuja akikitafuta. Lakini herufi hizo zimekwisha kuvuka kizingiti. Leo zimo katika mabango ya matamasha ya utamaduni, katika vyeti vya mashindano ya ngoma, katika majarida ya shule, na hata juu ya milango ya nyumba zilizojengwa makusudi kuhifadhi urithi wetu. Hapo ndipo tunapodai haki ya kusema.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika utumishi, tuliletewa mezani kielelezo cha bango la tamasha la utamaduni la wilaya moja, ili tulipitishe. Kijana aliyelichora alikuwa mpole na hodari wa kazi yake. Ngoma alikuwa ameichora vizuri na rangi zimepatana; ila maneno yote, tangu jina la tamasha hadi tarehe, yalikuwa katika herufi hizo za shoka. Tukamwuliza sababu ya kuzichagua. "Mzee," akajibu kwa adabu, "hizi ndizo zenye asili yetu." Asili hiyo ameipata wapi? Akatuonyesha kompyuta yake, na kweli, katika orodha ya herufi alizonazo, hizo zilikuwa zimewekwa chini ya kichwa kilichosema kuwa ni za Kiafrika. Moyoni tulihisi kwamba jambo haliko sawa, lakini hatukuwa na hoja ya kumpa, na kikao cha kamati kilikuwa kinatungoja. Tukatia sahihi. Bango likatundikwa njia panda, likapigwa na mvua hadi mwisho wa mwaka. Makala haya ni jibu ambalo kijana yule alistahili kulipata siku ile.

Herufi hizo zilichongwa mwaka 1923 katika mji wa Offenbach, kando ya mto Main, nchini Ujerumani. Aliyezichonga ni Rudolf Koch, fundi mkubwa wa mwandiko aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1934, naye alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Klingspor kilichosubu herufi za madini kwa ajili ya wapiga chapa. Aliziita Neuland, yaani nchi mpya. Desturi ya mafundi wa zama zile ilikuwa kuchora kila herufi juu ya karatasi kwanza, kisha mchoro ukapelekwa kwa mkataji wa chuma. Koch aliiacha desturi hiyo. Alishika chuma mwenyewe akakata moja kwa moja bila mchoro, ukubwa baada ya ukubwa, na ndiyo sababu herufi ileile hutofautiana kidogo kila inapoongezeka kimo. Basi ukali ule wa pembe, ambao sisi huambiwa ni alama ya mkono wa mchonga vinyago wa Kiafrika, ni alama ya mkono wa Mjerumani mcha Mungu, aliyeupenda mwandiko mzito wa vitabu vya kale vya kwao, ule unaojaza ukurasa kama kitambaa kilichofumwa kikashonana.

Hatuna ugomvi na Koch. Kazi yake ni kazi njema, na mwanafunzi anayetaka kujifunza jinsi mkono unavyoweza kuupa uhai mstari mnene atapata faida akiitazama. Ugomvi wetu unaanzia pale kazi hiyo ilipovuka bahari ikaenda Marekani, ikaingia katika matangazo, na kidogo kidogo ikaajiriwa katika kazi ambayo fundi wake hakuikusudia. Jambo lolote lililodhaniwa kuwa la porini, la kale, la kishenzi au la watu weusi likavishwa herufi hizo kama vazi rasmi. Mwaka 2004 msanifu mmoja wa Kimarekani, Rob Giampietro, aliandika makala ndefu kueleza namna zilivyofikia kuwa kifupisho cha Afrika na cha Wamarekani weusi machoni pa wachapishaji wa kwao. Kwa hiyo shutuma hii si ya wivu wa watu wa huku peke yao. Wenye nyumba wenyewe wamekwisha kuiona.

Mwaka 1993 ilitoka sinema ya Jurassic Park, na jina lake likaandikwa kwa Neuland yenye mstari katikati. Sinema hiyo inahusu mijusi wakubwa waliotoweka duniani kabla ya binadamu, nayo imewekwa katika kisiwa karibu na Costa Rica. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: mijusi hao wana uhusiano gani na tamasha la ngoma la wilaya? Hawana uhusiano wowote, ila katika fikira za mtu anayeamini kwamba vyote viwili ni "pori".

Kuna ushahidi wa pili, nao karibu uchekeshe. Mwaka 1989 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa herufi ziitwazo Lithos, zilizosanifiwa na Carol Twombly. Bibi huyo alizitoa katika maandishi ya mawe ya Wayunani wa kale, na jina lenyewe ni neno la Kiyunani lenye maana ya jiwe. Haukupita muda zikawa nazo zimebandikwa juu ya vitu vya "Kiafrika". Mjerumani akatupa kofia, Myunani akatupa viatu, na sisi tukasimama mbele ya kioo tukasema: hivi ndivyo walivyovaa mababu!

Kiswahili kina neno lenye maana mbili linalotufaa hapa. Kuchongea ni kumchongea mtu kitu kwa patasi. Na kuchongea ni kumpelekea mtu maneno ya kumharibia jina mbele ya wakubwa. Herufi hizi zimetuchongea kwa maana zote mbili. Zinapokaa juu ya mlango wa jumba la utamaduni zinamnong'oneza kila anayeingia kwamba watu wa humu hawakuwa na mwandiko, kwamba walipotaka kusema walikata gogo. Wala hazina herufi ndogo. Koch alikata kubwa tu, maana alikusudia vichwa vya habari na matangazo, mahali ambapo hakuna haja ya ndogo. Lakini zikichukuliwa kuwa ndiyo sauti ya taifa zima, taifa hilo huonekana limejaliwa kupiga kelele na kunyimwa mazungumzo.

Na tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka uleule wa 1923, wakati Koch yuko Offenbach na vyuma vyake, Dar es Salaam lilianza kutoka gazeti la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, chini ya idara ya elimu, na hatuna nia ya kulisifu kupita kiasi. Mkono wa mkubwa ulikuwa juu yake. Lakini humo ndimo watu wetu walimopeleka barua zao, hadithi zao na mashairi yao, wakagombana kwa vina na mizani, wakarekebishana, wakajibizana toka Tanga hadi Ujiji. Walisomwa katika herufi za kawaida za kitabu, kubwa na ndogo, zenye nukta na mikato yake. Mtu aliyekesha akihesabu mizani nane mbele na nane nyuma hakuomba atengenezewe herufi za kishenzi ili ionekane kwamba ni Mwafrika. Alitaka beti zake zisomeke.

Wapo watakaotuambia: haya basi, mmekataa za wageni, tuonyesheni za kwenu. Tutawaonyesha, na tutaanzia mbali.

Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi katika kibla chake yaliyoandikwa kwa khati ya Kikufi, nayo yana tarehe: mwaka 500 wa Hijra, ambao ni sawa na 1107. Msikiti umejengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki. Anayeyatazama ataona kwamba herufi hazikuachwa zisomwe tu. Ncha zake zimechipua majani, shina la herufi moja limekwenda kukutana na tawi la nyingine, na mstari mzima umekuwa kama ua la bustani lililopandwa kwa kamba. Hizo ni herufi za mapambo kwa kila maana ya neno hilo, nazo zilikuwa ukutani miaka zaidi ya mia nane kabla Koch hajashika chuma.

Toka hapo twende Siyu, katika kisiwa cha Pate, mahali palipokuwa na waandishi wa misahafu iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kwa namna ambayo mjuzi huitambua kuwa ni ya pwani hii. Twende kwenye milango ya Unguja, ambako boriti ya juu ilibeba maandishi yaliyochongwa pamoja na maua na minyororo. Fundi wa mlango alijua jambo ambalo msanifu wetu wa leo amelisahau: neno la mlangoni ndilo la kwanza kumpokea mgeni, kwa hiyo huandikwa na anayejua nani anakaa ndani.

Tena iko kanga. Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu kanga haina mwambao wala bara, haina msomi wala asiyesoma. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji lina jina, yaani yale maneno ambayo mwanamke huyachagua kwa makini kuliko rangi. Maneno hayo yalianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Na habari huyahusisha na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Tazama herufi za kanga jinsi zilivyo. Ni kubwa, za wastani, zimesimama wima katika kisanduku chao, hazina madaha. Zinajua kwamba zitakunjwa, zitafungwa kiunoni, zitasomwa na jirani wa upande wa pili wa njia kwa jicho la pembeni. Zimelainishwa na kazi yao. Hatujui mwandiko mwingine wowote uliosomwa na watu wengi zaidi wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu namna hiyo, na hata hivyo hatujapata kuuona umewekwa katika orodha yoyote ya kompyuta chini ya kichwa cha Kiafrika.

Mwisho yuko mchoraji wa mabango, yule wa kinyozi, wa duka la dawa, wa jahazi na wa daladala. Yeye ndiye mrithi aliye hai. Ana kopo la rangi ya mafuta, ana brashi alizozikata nywele mwenyewe, na chaki ya kupimia. Huandika neno la kwanza akiwa na nafasi tele, na la mwisho akilibana ili litoshe. Hivyo mwandiko wake una pumzi ya mtu ndani yake. Huweka kivuli chekundu nyuma ya herufi ya buluu bila kufundishwa na yeyote ila fundi aliyemtangulia. Leo kazi yake inaondoka mikononi mwake. Mteja anataka turubai la plastiki lililochapwa kwa saa moja, na kijana wa duka la kuchapa, akiombwa "kitu chenye asili", hufungua orodha yake na kuchagua shoka la Offenbach. Aliyekuwa na mwandiko wa kwetu amekaa kibarazani bila kazi, na mwandiko wa Mjerumani unapita mbele yake ukiitwa wa kwetu. Hii ndiyo hasara tunayoizungumzia, nayo ina jina la mtu na watoto wake.

Tunajua jibu litakalotolewa. Khati ya Kikufi imepewa jina la mji wa Kufa, Iraki. Herufi za Kilatini zimetoka Rumi. Kanga zenyewe kwa miaka mingi zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, kabla viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, havijaanza kuzitoa. Ikiwa kila kitu kimetoka nje, Neuland ina kosa gani?

Hoja hii ina nguvu na hatutaki kuiruka. Utamaduni usioazima hufa, na mtu anayetafuta kitu kisichoguswa na mgeni katika pwani hii atarudi mikono mitupu. Lakini kuna kuazima na kuna kuvishwa. Kanga ilipochapwa Uholanzi, maneno yalitoka huku. Mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja aliyapeleka, na kiwanda kikatii. Isingependwa na wanawake wa Mji Mkongwe, ingerudi ikaoza ghalani. Walioandika Kizimkazi waliichukua khati ya Kufa kwa sababu walitaka kusema jambo ndani ya dini waliyoishika wao wenyewe. Katika yote hayo aliyeamuru ni mwenye kusema. Katika herufi za shoka aliyeamuru ni mtu mwingine, kwa ajili ya wasomaji wengine, ili aeleze namna anavyotudhania. Sisi tumeikuta sura hiyo imekwisha kuchorwa tukaitia sahihi. Tunasema tumeitia sahihi kwa sababu tumekwisha kukiri hapo juu.

Wala hatupendekezi kwamba ubao wa hospitali ya wilaya uandikwe kwa Kikufi, wala kwamba urithi wa pwani ulazimishwe kwa ndugu wa Bukoba au Songea. Hilo lingekuwa vazi jingine la kuazima. Pia tunawaonya wale ambao, wakisikia neno "asili", hukimbilia kuchukua ushanga wa Kimasai na kuugeuza kuwa herufi A. Herufi haipati uzalendo kwa kuchorewa mkuki.

Kuna jambo la ufundi ambalo walimu wa lugha wangepaswa kulichukua mikononi, kwa sababu wao ndio wanaolijua. Kiswahili kina umbo lake kinapoandikwa. Herufi a hujirudia kuliko nyingine zote. K na w ziko kila mahali. Maneno yetu ni marefu kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na namna. Andika WANAOTUKARIBISHA kwa herufi nene zisizo na ndogo, uone jinsi linavyogeuka ukuta wa matofali: jicho halipati mahali pa kupumzika, kwa kuwa kila herufi ina kimo kimoja na uzito mmoja. Mjerumani alikata herufi zake bila kutufikiria, naye hakuwa na wajibu wa kutufikiria. Halafu kuna ng'. Katika lugha yetu ritifaa ile ya juu ni sehemu ya herufi, nayo hutenganisha sauti na sauti. Lakini kompyuta huweza kuidhani kuwa alama ya kunukuu, na mchapaji asiyejali huiacha hivyo au huitupa kabisa. Mchoraji wa kibarazani haikosei, maana anaitamka huku akiandika.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na tangu hapo kila neno jipya lina mahali pa kuulizwa limetoka wapi na lina maana gani. Sura ya neno haina mahali pa kuulizwa. Tungependa pawepo. Isiwe sheria, kwa maana sheria ya herufi ingekuwa upuuzi; iwe ni kazi. Yafanywe mashindano ya kusanifu herufi za mabango za Kiswahili, na waamuzi wasiwe wasomi watupu: awemo mchoraji wa daladala na awemo mwanamke muuza kanga. Wachapishaji wa vitabu vya shule wamlipe fundi mmoja wa brashi achore alfabeti kamili, kubwa na ndogo, pamoja na ng' yake, kisha iingizwe katika kompyuta kwa jina la aliyeichora. Na mwalimu wa sanaa asingoje mashindano wala mchapishaji. Awatoe wanafunzi wake darasani asubuhi moja, kila mmoja na penseli na karatasi, wakanakili mabango kumi ya mtaani yaliyoandikwa kwa mkono, kabla hayajapakwa chokaa. Wamwulize na mchoraji jina lake, na alijifunza kwa nani.

Kijana yule wa bango tungali tunaonana. Juzi alikuja na kielelezo kingine, cha tamasha la nyimbo za wachungaji. Maneno ameyachora kwa mkono, na alipoulizwa ameyatoa wapi alisema ni katika kanga ya mama yake, iliyochakaa hata pindo limechanika. Tuliyapenda. Ila katika neno ng'ombe alikuwa amesahau ritifaa, tukamrudishia airekebishe.